Wageni 11 wanakuja sikukuu, mwaka jana choo kilinitia aibu, nikague nini mapema?

mama_wa_kona

Habari za humu jamani. Mwenzenu nina wiki tatu tu za kujiandaa na sitaki yaliyonikuta sikukuu iliyopita yanirudie.

Kwa kawaida nyumbani tupo wanne, mimi, mume na watoto wawili. Sikukuu iliyopita tukapokea wageni tisa. Siku ya kwanza shwari kabisa, siku ya pili asubuhi nasikia mama mkwe ananiita toka chooni kwa ile sauti ya chinichini ya mtu asiyetaka wengine wajue, nafika nakuta maji yamepanda mpaka ukingoni mwa bakuli yanacheza cheza tu hayashuki, nikiwa bado nimeduwaa kuna mtu huko jikoni akaachia maji ya sinki, basi choo kikaguna blup blup kikamwaga vyote koridoni, mama mkwe kasimama gauni kalishika mkono mmoja na kandambili mkono wa pili. Sitaendelea.

Fundi alikuja jioni, akapampu na ule mpira wenye mti, maji yakashuka, akachukua chake akaondoka. Hakusema tatizo ni nini na mimi kwa furaha niliyokuwa nayo sikuuliza. Tangu hapo choo kinafanya kazi ila kina uvivu fulani hivi, na sinki la jikoni linameza maji taratibu, unaosha vyombo unasubiri, unaosha unasubiri.

Mwaka huu wanakuja 11, siku sita. Vyoo vipo viwili, hicho kikuu na kingine cha chumba cha wageni ambacho hatukitumii kabisa na kinanuka wakati hakuna anayekiingia, hilo nalo sielewi. Maji taka yanaenda kwenye shimo letu wenyewe nyuma ya nyumba, tumehamia hapa miaka sita iliyopita na halijawahi kunyonywa. Mume anasema kama halijafurika halina shida.

Naomba mnisaidie mambo mawili, nikague nini mapema, na wageni niwaambie nini bila kuonekana mnoko. Maana huwezi kumkaribisha mtu halafu unamsomea sheria za choo mlangoni.

---

shangazi_mkubwa

Pole mwaya, hiyo ya kandambili mkononi nimecheka peke yangu mpaka wa nyumbani wakaniuliza kuna nini.

Mi nianze na hilo la pili, la kwanza mafundi watakuja. Usimwambie mtu kitu. Weka ndoo yenye mfuniko chooni, ile ya kukanyaga kwa mguu ukiweza, ndani tia mfuko, na mifuko mingine midogo iweke juu ya sisteni mtu aione. Watu hawatupi pedi chooni kwa ubaya, wanatupa kwa sababu wameangalia kulia na kushoto hawajaona pa kuweka, sasa mgeni wa kike afanye nini, atoke nayo mkononi apite sebuleni mbele ya wakwe? Ataflashi huku anasali. Na ndoo isiyo na mfuniko usijisumbue kuiweka, aibu itakuwa ileile. Uimwage wewe mwenyewe asubuhi na jioni, ikijaa tu watu wanarudi kule kule chooni.

Tishu ya choo weka nyingi tena mahali panapoonekana, ikiisha watu wanachukua chochote kilicho karibu, tishu za mezani, karatasi za jikoni, na hizo zimetengenezwa zisilainike kwenye maji. Halafu waipsi za watoto, hata zile zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba unaweza kuflashi. Kama kuna anayebisha hapo kwako chukua chupa mbili za mdomo mpana, tia maji, moja tupia kipande cha tishu ya choo, nyingine waipsi, funga, tikisa. Tishu inakuwa uji saa hiyohiyo. Waipsi hata kesho yake unaitoa, unaikamua, unafutia meza. Mke wa mwanangu alibishana na mimi mwaka mzima, nikamfanyia hilo mbele ya mumewe, hatujabishana tena.

Kama lazima useme, ongea na wakina mama wenye watoto wadogo tu, siku ya kwanza, wakati unawaonyesha pa kuogea. "Pampasi na waipsi ndoo yake hii hapa." Basi. Hapo umeonyesha ukarimu, hujatoa onyo.

---

fundi_mzee

Dada, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Hapo kwenye sinki kukigunisha choo umeshanipa nusu ya jibu.

Choo kikiziba peke yake, vingine vyote vikawa vinapitisha maji, kitu kipo kwenye choo chenyewe au kwenye kipande chake kifupi cha bomba. Lakini ukiachia maji jikoni choo kikaguna, maana yake bomba la jikoni na la choo yameungana huko chini ya sakafu kabla ya kutoka nje, na kilichoziba kipo mbele ya hapo yalipoungana, maji ya jikoni yakakosa njia yakapandia chooni. Huyo aliyepampu alitoboa katundu katikati ya uchafu tu, uchafu wenyewe upo palepale na ndo huo uvivu unaouona. Nyie wanne katundu kanawatosha. Piga hesabu, mtu mmoja aflashi mara tano kwa siku, sisteni ya lita tisa, nyie wanne ni lita 180. Mkiwa 15 ni lita 675, na hapo sijahesabu kuoga wala vyombo wala nguo. Kwa hiyo msimlaumu mgeni, bomba lilikuwa limeshaanza kufa kabla hata mama mkwe hajafunga mizigo.

Sasa wikiendi hii, usingoje nyingine. Nje ya ukuta wa choo kuna chemba, ile ya mfuniko wa zege. Fungua. Mtu mmoja abaki pale anaangalia, mwingine aflashi. Maji yanatakiwa yafike ndani ya sekunde chache tena kwa nguvu, yapite yaende zake. Yakija kama uzi, tatizo lipo kati ya nyumba na chemba. Chemba ukiikuta imejaa maji yametulia, tatizo lipo mbele, kuelekea shimoni. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kitakuokoa usimlipe mtu akabomoa vigae vya chooni wakati kitu kipo bustanini. Nimeshaona hilo, fundi kavunja sakafu ya bafu yote halafu kilichoziba kilikuwa mita nane nje.

Kuzibua tumieni zile fimbo za kuunganisha, ziingie kutokea chembani kurudi nyumbani, sio kutokea chooni, njia imenyooka na hamchubui bakuli. Vaeni glavu. Na fimbo inazungushwa kulia tu, kulia tu, ukiizungusha kushoto viungo vinafunguka nusu inabaki humo ndani halafu ndo unanitafuta.

Shimo. Mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba shimo la septiki likishafurika limeshachelewa. Lile ni kama chungu, uchafu mzito unatulia chini, mafuta na mapovu yanaelea juu, na kinachotakiwa kutoka kwenda shimo la pili, lile ambalo maji yake yananywewa na udongo, ni yale maji ya katikati. Tope likipanda sana, siku maji mengi yanaingia kwa mkupuo yanalisukuma kwenda shimo la pili, likishaziba udongo wa kule hapo ndo kilio, maana la kwanza gari linanyonya asubuhi mchana mnaendelea na maisha, ila la pili mara nyingi unachimba upya. Nyumba ya kawaida miaka mitatu mpaka mitano unanyonya. Nyie sita, halafu unaongeza watu 11. Linyonywe kabla, na wakati wananyonya simama hapo uangalie, maji yakianza kurudi kwa kasi kutoka shimo la pili kuingia la kwanza ujue la pili nalo limeshiba. Simama mbali lakini. Asiingie mtu humo wala kuchungulia kwa kuingiza kichwa, hewa ya mle inaangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa anabaki naye. Mfuniko urudi siku hiyohiyo, watoto wa wageni hawaijui nyumba.

Hicho choo kinachonuka hakina ugonjwa. Chini ya kila sinki, kwenye tundu la bafu na ndani ya choo chenyewe kuna kona ya bomba inayobaki na maji muda wote, sisi tunaita trepu, maji yale ndo mlango unaozuia hewa ya shimo isipande ndani. Usipotumia wiki kadhaa yanakauka, mlango umeachwa wazi. Mwaga jagi la maji kila tundu, lile la sakafuni usilisahau ndo linakaukaga kwanza. Ukitia juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia yanachelewa kukauka.

Na mafuta mengine yote yasikanyage sinki. Pangusa sufuria na karatasi kabla ya kuosha, karatasi tupa. Msidanganyane na maji ya moto, yanayayeyusha hapo karibu yakagande mbele huko mkono usikofika.

---

kijana_wa_juu

Mbona mnajichosha hivi, mi kabla ya wageni namwaga ile dawa kali ya choo ya asidi, nasubiri kidogo naongeza klorini ya kufulia, inafoka yenyewe inasafisha mpaka huko mbele. Miaka miwili sijaita fundi.

---

fundi_mzee

Kijana acha, nakuomba kama mzazi wako. Hicho kinachofoka ni gesi ya klorini, asidi na klorini havichanganywi, na choo ni chumba kidogo chenye kadirisha. Kukohoa hujawahi?

Halafu hizo dawa kwenye bomba lililoziba zinakaa hapohapo juu ya uchafu, haziendi kokote. Anakuja fundi hajui, anaingiza mkono au anapampu, zinamrukia usoni. Nina alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto kwa sababu ya mama mmoja aliyeniambia "sijatia kitu" na alikuwa ametia chupa nzima. Ukishatia, sema. Na nyumba yenye shimo lake ndo kabisa, shimo linaendeshwa na bakteria wanaokula uchafu, ukimwaga dawa kwa wingi unawaua waliokuwa wanakufanyia kazi bure.

---

baba_mapacha

Mi siyo fundi ila nimeungua vya kutosha. Mbili tatu tu.

Koki kuu. Kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue ilipo, na uijaribu kuifunga SASA. Sisi bomba la hosi chini ya sinki lilipasuka saa tano usiku nyumba imejaa, nikakimbilia geti valvu, yaani hiyo koki kuu ya nje, haijaguswa tangu nyumba ijengwe, nikaikaza kwa spana kishikio kikabaki mkononi. Tulilala kwa zamu tunakinga ndoo. Ukiikuta ngumu usiilazimishe, muite mtu aibadilishe wakati hakuna dharura. Na hizo hosi nyembamba za chini ya sinki na nyuma ya choo zipitishe tishu kavu mkononi, kwenye viungo vyote, tishu ikilowa hata kidogo umeshajua cha kubadilisha.

La pili maji ya moto. Kama mna hita ya tangi ya lita 50, maji yake yakiwa na moto wa digrii 60 ukachanganya na ya baridi unapata kama lita 100 za kuogea, na bomba la mvua linamwaga karibu lita 10 kwa dakika. Dakika kumi zimeisha. Hita ya wati 1500 inahitaji saa moja na nusu kuchemsha tena. Sasa fikiria watu 15 wanataka kuoga kabla ya saa mbili asubuhi, ndo pale watu wanaanza kununiana bila sababu. Wazee na watoto waoge jioni, au toa ndoo na kopo, ndoo moja watu wanaoga vizuri kabisa na shimo lako nalo linapumua.

Mashine ya kufulia pumzisha siku zile sita. Mashuka yaoshe wakishaondoka, tena usioshe yote siku moja.

---

mama_wa_kona

Jamani nimerudi. Jumamosi tumefungua chemba.

Mume alikuwa anasema hamna kitu mle, nikamwambia haya kaa hapo mi nakwenda kuflashi. Nimeflashi, nasubiri aseme, kimya. Nikatoka nje nikamkuta kachuchumaa anaangalia tundu, maji ndo kwanza yanakuja kauzi kembamba kanachuruzika, yakaendelea kuchuruzika vile vile karibu dakika nzima. Chemba yenyewe kavu, safi, mpaka mjusi alikuwemo. Akaniangalia akasema "basi ni huku ndani." Nikanyamaza, ndoa ina mambo yake.

Tukaazima fimbo. Ilipofika kama mita tatu ikagota kwenye kitu kinachonesa, sio kigumu, kama unachoma sabuni. Kulia tu kama mlivyosema. Ilipotoka mara ya nne ikaja na kitu cha kama mkono wangu, kijivu, mafuta yamegandana na waipsi zimesukwa na nywele, ukiikata ndani ina matabaka, na katikati kabisa katundu ka ukubwa wa kidole. Fundi mzee, katundu kako kalikuwepo kweli! Waipsi za mwanangu mdogo ambaye sasa ana miaka minne, jamani, yaani mimi mwenyewe ndo nilikuwa naflashi zile, na mwaka mzima nimewasema watoto wa shemeji.

Tuliendelea mpaka saa nane. Mara ya mwisho nimeflashi mume akaruka nyuma, maji yamekuja kwa kishindo. Na sinki la jikoni likaanza kumeza na ule mlio wake wa mwisho, nilikuwa nimeusahau.

Gari la kunyonya limekuja leo. Tope lilikuwa limepita nusu ya kina, jamaa alituonyesha kwenye mti wake. Kutoka shimo la pili hakuna maji yaliyorudi, kasema tumebahatika.

Choo cha wageni nilimwaga jagi mchana, jioni harufu hakuna. Ila kimeanza kingine, usiku kimya kimya nasikia sisteni yake inafanya sss halafu inajijaza kidogo, halafu sss tena. Ni nini hiyo?

---

fundi_mzee

Hongera. Wateja kama nyie wanatuharibia biashara.

Hiyo sss ni maji yanapita yenyewe kutoka kwenye sisteni kwenda bakulini, ile mpira ya chini ya kuzibia imekauka kwa kukaa bure, kwa hiyo boya linashuka, linafungulia, linajaza, usiku kucha. Kuhakikisha, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya sisteni, usiflashi nusu saa, rangi ikitokea bakulini ni huo mpira, unabadilika kwa dakika kumi. Kama bakuli halina rangi, angalia kama maji yamepanda mpaka yanamwagikia kwenye lile bomba la wima katikati ya sisteni, hapo shusha boya kidogo. Usiache hivyo, yote hayo yanakwenda kujaza shimo ulilotoka kulinyonya.

Na kuna mtu atakuja kukwambia utie tofali kwenye sisteni kubana maji. Usitie, linamomonyoka mchanga unaharibu mpira. Chupa ya plastiki iliyojaa maji inatosha, na uiangalie, ukibana sana uchafu unaishia njiani haufiki shimoni, tunarudi pale pale.

Ule mpira wenye mti uwe nao mmoja kila choo, nyuma ya mlango. Mgeni akizibisha usiku atajisaidia mwenyewe kimya kimya na hutajua kamwe.

---

mama_wa_kona

Rangi imetokea, nyekundu kabisa, mume kabadilisha mpira mwenyewe na sasa anajiita fundi. Ndoo mbili za kukanyaga zimeshakaa, mipira yenye mti ipo nyuma ya milango, koki kuu inafunga.

Mama mkwe kapiga simu jana, baada ya salamu akauliza kwa upole kabisa, "na kile choo, kilipona?" Nikamwambia kimepona mama. Akanyamaza kidogo, akasema basi vizuri, anakuja na dada yake.

Kwa hiyo ni 12.